Vidonge vya Chuma Nilivyoviita Pipi

Nyinyi vijana mnaouza dawa siku hizi, na nyinyi wanandoa mnaopanga kupata mtoto, nawaandikia kwa pamoja kwa sababu mnakutana kwenye kaunta. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, na jibu likishatoka mdomoni halirudi dukani tena. Nimeuza dawa Ifakara tangu nikiwa na nywele mpaka zikanikimbia. Udaktari sikusomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikapewa mafunzo ya wauza dawa, basi. Hata hivyo wateja waliniita Dokta, nami nilikuwa naitika.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Akwilina, Mpogoro wa upande wa Mahenge, muuguzi mstaafu aliyefungua duka dogo karibu na soko. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Mteja akiingia na kusema, "Mama, naomba vidonge vya kuongeza damu," yeye alimjibu kwa swali:

"Nani kakwambia imepungua?"

"Naona kizunguzungu, mama."

"Kizunguzungu nacho ni mlango tu. Wanaopita hapo ni wengi. Nenda kapime, urudi na majibu."

Mteja alitoka amenuna, na mimi nilinuna zaidi, maana niliona biashara inatembea kwenda duka la jirani. Ilinichukua muda kuelewa. Damu hupungua kwa malaria, kwa minyoo, kwa hedhi nzito, kwa chakula duni, na wengine wamezaliwa na selimundu bila kujua. Anayeumwa selimundu, mwili wake huenda tayari una chuma cha kutosha, hasa kama amewahi kuongezewa damu mara nyingi. Ukimrundikia kingine unamdhuru huku yeye anakushukuru. Ndiyo maana msichana anayetaka kushika mimba apime kwanza. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni.

Siku moja alikuja binti mmoja mwalimu, ameolewa karibuni, anataka mtoto kwa haraka zote. Akafungua mkoba akaweka kaunta makopo matatu. La kwanza alipewa kliniki, la pili alitumiwa na dada yake aliye mjini, la tatu alilinunua stendi kwa jamaa anayetangaza dawa kwa kipaza sauti. Alikuwa anameza yote, asubuhi na jioni, na tumbo lilikuwa linamuuma kama limefungwa kamba. Mama Akwilina akavaa miwani, akasoma maandishi ya kopo moja baada ya jingine, akayapanga mstari.

"Hili lina chuma. Hili lina chuma. Na hili lina chuma. Mwanangu, unatafuta mtoto au unajenga daraja?"

Binti akacheka mpaka akashika kaunta. Akaambiwa abaki na vile vya kliniki, maana vina chuma na asidi ya foliki ndani ya kidonge kimoja, na hiyo foliki ndiyo inayotakiwa iwepo mwilini kabla mimba haijaingia, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto. Yale mengine mawili ayaache. Kopo la dada lilikuwa pia na vitamini A nyingi, ambayo ikizidi kipimo si nzuri kwa mtoto tumboni. Na madini joto je, binti akauliza. "Chumvi ya dukani inayo," mama akasema. "Ukiongeza kopo la madini joto juu yake, utaitafutia tezi yako ya shingo ugomvi."

Hivyo ndivyo nilivyofundwa: jambo jema likirundikwa hugeuka. Niliyajua haya. Nawaambia mapema ili msije mkadhani yaliyotokea baadaye yalitokana na kutojua. Nilijua mengi. Lakini kulikuwa na jambo moja sikulijua, na kulikuwa na neno moja nililitunga mwenyewe.

Mama Akwilina alipochoka aliniachia duka akahamia Sanje kwa mwanawe, akawa analima migomba yake chini ya mlima. Nikabaki peke yangu nyuma ya kaunta na nikaanza kubadilisha mambo. Niliona yeye alikuwa mkali mno. Wanawake walikuwa wanaviogopa vidonge vya chuma. Wapo waliosema vinanuka kutu. Wapo walioamini vinamkuza mtoto tumboni mpaka ashindwe kutoka. Bibi mmoja kutoka Malinyi, nilipomweleza kwamba ndani ya kidonge kuna madini ya chuma, aliniangalia kwa huruma akasema, "Mjukuu wangu, sasa nimeze misumari na uzee huu?" Na wengine waliacha baada ya kuona choo kimekuwa cheusi kama lami. Mwalimu mmoja wa kiume alikuja kuninong'oneza habari ya choo cha mkewe kana kwamba ananipa siri ya serikali. Nikamwambia ni kawaida, ameze na maji, asimeze na chai, kwa kuwa chai inakizuia chuma kisiingie mwilini. Akarudi nyumbani mwepesi.

Mimi nikaona dawa ya woga ni kuchekesha. Vile vidonge nilivyokuwa nauza vilikuwa vyekundu, vinang'aa, vimepakwa sukari kwa juu. Nikaanza kuviita pipi ya mama. "Njoo uchukue pipi yako, mama." Wanawake walicheka, wakachukua, wakameza. Neno likatoka dukani likaingia mitaani. Nilikuwa nasikia wanaulizana kisimani, "Umeshakula pipi ya mama leo?" Nilijisikia mtu mwenye akili sana.

Sasa niwaambie habari ya Mama Masanja.

Alikuwa Msukuma, yeye na mumewe Luhende walihamia Michenga na ng'ombe zao, wakaanza kulima mpunga pia. Walikuwa na mtoto mmoja, Masanja, aliyekuwa ameanza kuongea maneno yanayoeleweka na anayapenda kuyasema. Wakati wa kumzaa, yule mama alitokwa na damu nyingi, ikabaki kidogo tu afe. Kliniki wakamwambia asibebe mimba nyingine mpaka damu imerudi, ameze vidonge kila siku, apime tena. Zahanati yao ikaishiwa vidonge, ndipo wakaja kwangu. Mnaona uzito wake? Akishika mimba akiwa na damu ile, kujifungua tena kungeweza kumuua. Hakuja kununua urembo.

Alimweka Masanja juu ya kaunta, akanusa kidonge, akakunja uso.

"Dokta, hiki kitanitapisha."

"Hakitapishi. Ona." Nikakiweka kimoja kwenye ulimi wangu, nikakilamba, nikafanya kama napata utamu wa ajabu. "Pipi ya mama hii."

Masanja akanyoosha mkono. "Na mimi!"

Luhende akacheka kwa sauti. "Huyu ni mwizi huyu, Dokta, hata chumvi ya ng'ombe analamba."

"Wewe yako ipo," nikamwambia mtoto. Nikafungua chupa ya pipi za kweli niliyokuwa naiweka kwa ajili ya watoto wanaolia, nikachagua moja. Nilichagua nyekundu. Akaitia mdomoni, akamwangalia mama yake akimeza ya kwake, wote wawili pamoja. Tulicheka sote wanne.

Masika ilikuwa inakaribia. Maji yakijaa bondeni, kutoka Michenga ni shida, hivyo nikamfungia vidonge vingi vya kutosha mpaka njia ikauke. Nikavichota kwenye kopo kubwa, nikavitia kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, nikaufunga fundo. Sikuandika kitu juu yake. Mfuko ulikuwa unaonyesha, kila kidonge kinaonekana.

Yule mama aliuweka ndani ya kapu la vitenge, juu ya sanduku. Alifanya alivyoweza. Siku moja mchana alikuwa nje anaanika mpunga, Masanja akamfuata huku midomo yake ni myekundu, akamwambia kwa furaha kabisa, "Nimekula pipi ya mama."

Hakuficha. Kwa nini afiche?

Alitapika sana, akaharisha, na matapishi yalikuwa na wekundu ambao mama yake alidhani ni rangi ya vidonge tu. Wakampa maji, wakampa maziwa. Baadaye akatulia, akalala. Asubuhi aliamka, akaomba uji, akanywa kidogo. Hata hivyo Luhende hakuridhika. Akampakia mkewe na mtoto kwenye pikipiki, wakapita kwenye matope mpaka Ifakara, wakaja kwangu.

Nataka msome hapa polepole. Walikuwa Ifakara. Hospitali ipo Ifakara. Kama ningenyoosha kidole tu, wangekuwa wamefika kabla maneno hayajapoa. Lakini waliniita Dokta, nami nikaitika. Nikamshika Masanja paji la uso, nikamwangalia macho, nikamtekenya shingoni akatabasamu kwa uchovu. Nikauliza anatapika tena? Hapana. Anaharisha? Hapana, imekata.

"Basi kimetoka chote," nikasema. "Amepona huyu. Mpeni uji mwepesi, alale."

Luhende alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Alinishukuru. Mama Masanja alinishukuru. Wakarudi Michenga.

Jua lilipoanza kuelekea mlimani wakarudi tena, safari hii moja kwa moja hospitali. Mtu alinikimbilia dukani kunieleza. Nilipofika, yule mama alikuwa amekaa chini ukumbini, kitenge kimefunguka, anasema "mayu wane, mayu wane" kwa sauti ndogo, kama anamuita mama yake aliye chumba cha pili. Masanja alikuwa ameshafariki.

Daktari alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniita pembeni akaniuliza kama ni mimi niliyewaona asubuhi. Nikasema ni mimi.

"Shikamoo mzee," akasema kwanza. Ile shikamoo iliniumiza, sijui kwa nini. "Mzee, chuma kina tabia hiyo. Mtoto anatapika, halafu ananyamaza. Unaona amepata nafuu. Kumbe wakati ule ndipo kinaingia kwenye ini na kwenye moyo. Ule utulivu ndio wa kuogopa."

"Mngeweza kumwokoa, angeletwa asubuhi?"

"Tungejaribu. Angeletwa jana mchana, tungejaribu zaidi. Siwezi kukuambia uongo wala ukweli, mzee, sijui."

Hilo ndilo jambo ambalo sikulijua, kwamba chuma hunyamaza. Nilijua kinafanya choo cheusi, nilijua habari ya chai, nilijua kisirundikwe. Nilidhani kuzidisha madini ni kuumwa tumbo na kufunga choo. Sikujua kwamba kinachomsaidia mama kujenga damu, mtoto mdogo akikila kwa kiganja, kinamuua. Kwa hiyo nyinyi mlijue kwa niaba yangu: mtoto akila vidonge vya chuma, hata kama hujui vingapi, hata kama anacheza, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na mfuko wa vidonge upelekwe kwa daktari. Asitapishwe kwa kidole. Asisubiriwe. Na wewe muuza dawa usimguse paji la uso.

Nilikwenda Sanje kwa Mama Akwilina kabla sijathubutu kwenda msibani. Nilimkuta anaondoa majani makavu kwenye migomba. Nilimweleza yote. Nilitaka anitukane, au aniambie ni mipango ya Mungu, chochote. Aliendelea kukata majani.

"Dawa nilikufundisha kuiitaje?" akauliza.

"Dawa, mama."

"Ukaona jina halitoshi."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akaniambia, "Hapa si msibani. Umekosea njia. Nenda Michenga ukalie huko, wakikufukuza ufukuzwe."

Hawakunifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi. Luhende alinipisha kwenye mkeka, nikakaa kati ya wanaume. Watu walizungumza habari ya mvua na mbegu, kama ilivyo desturi, kumsaidia aliyefiwa asizame. Baada ya muda mrefu aliinamisha kichwa upande wangu.

"Dokta, ulisema amepona."

"Nilisema."

"Njiani nilimwimbia. Kwenye pikipiki, alikuwa mbele yangu. Nilikuwa na furaha, nikamwimbia wimbo wa kuchunga."

Niliomba msamaha, akaitikia kwa kichwa, lakini kuitikia kwa kichwa msibani ni adabu tu.

Baada ya hapo nilitembea mtaa kwa mtaa kuwaambia wanawake walete vidonge nilivyowauzia niwafungie upya. Nilijieleza ni kwa nini. Wengine walivileta. Wengine walivitupa chooni na wakaacha kabisa kumeza, na siwezi kuwalaumu, ingawa nilijua wapo watakaobeba mimba na damu isiyotosha kwa sababu ya hofu niliyoipanda mimi. Ndivyo neno la kipuuzi linavyoua mara mbili. Niliondoa chupa ya pipi dukani. Wakaja watoto wakauliza pipi ziko wapi. Nikawaambia zimekwisha.

Mavuno yalipita, na masika nyingine. Siku moja ya mnada, duka limejaa, nikamwona mke wa Luhende amesimama nyuma ya watu wote. Alingoja mpaka wakaisha. Nikafungua mdomo kumsalimia nikakwama, maana sikujua nimwite nani. Kila mtu alimjua kwa jina la mwanawe.

"Mama Masanja, karibu," nikasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekanyaga miiba.

"Ndilo jina langu," akasema. "Usiogope kuliita."

Alisema alitaka kuzaa. Luhende alitaka, na yeye alitaka. Kliniki walimpima, damu imerudi, inatosha, lakini kwa jinsi alivyotokwa na damu kwa uzazi wa kwanza hawakutaka abahatishe. Muuguzi kamwambia kwa kuwa bado hana mimba, ameze kidonge cha chuma na foliki mara moja kwa wiki, na siku mimba ikiingia aanze kila siku. Wakampa vidonge mkononi. Akavirudisha.

"Haviingii nyumbani kwangu," akaniambia. "Nitakuja siku ya mnada, nimezee hapa."

"Mama, maduka ni mengi. Kwa nini uje kwangu, baada ya..."

"Kwa sababu wewe sasa huwezi kumwambia mtu kwamba ni pipi."

Basi kila mnada alikuja. Nilimtolea kidonge kimoja kwenye kifuniko, nikampa kikombe cha maji. Alikishika muda mrefu kabla ya kukitia mdomoni. Mara nyingine alikirudisha kwenye kifuniko, akaanza upya. Sikumhimiza. Mimi niliyekuwa nachekesha wilaya nzima nilisimama kimya kama nguzo mpaka ameze. Kisha aliniwekea kikombe, akasema "asante mzee," akaenda. Dokta hakuniita tena, na hakuna aliyeniita hivyo ambaye sikumkataza.

Siku moja alikuja ambayo haikuwa ya mnada. Nikaogopa.

"Imeingia," akasema. "Wamepima. Sasa wanataka nimeze kila siku."

Nilitaka kusema hongera. Badala yake nikafuta kaunta.

"Kila siku siwezi kuja," akaendelea. "Kwa hiyo lazima viingie ndani. Na watoto wa shemeji yangu wanashinda kwangu." Alikaza macho kwenye kaunta. "Nipe kitu cha kuvitia ambacho mtoto hafungui. Kitu cha kweli, mzee."

Nilikuwa nimeweka chupa moja ya plastiki ngumu, iliyokuja na vitamini za ng'ambo, ya kifuniko kile ambacho lazima ukibonyeze chini kwanza ndipo kizunguke. Nilikuwa nimeiosha, nikaikausha, nikaibandika karatasi: DAWA YA CHUMA. MTOTO ASIGUSE. AKILA, HOSPITALI SAA HIYOHIYO. Nikamhesabia vidonge vya mwezi mmoja tu, nikavitia, nikafunga, nikamwambia aiweke juu sana, kwenye kenchi ya paa, pasipofikiwa hata kwa kupanda kiti.

Akaichukua, akajaribu kufungua. Ikazunguka bure, inalia ka-ka-ka. Akajaribu tena, akatumia kitenge. Ikagoma.

"Bonyeza kwanza," nikamwambia. "Kwa nguvu ya kiganja. Halafu zungusha."

Akabonyeza, ikafunguka. Akaangalia ndani vile vyekundu, akafunga haraka. Akafungua tena, akafunga tena, mpaka mkono ukaizoea. Kisha akaisukuma juu ya kaunta kuja upande wangu.

"Sasa wewe."

Nikaishika. Nilikuwa naijua chupa ile, niliifunga mwenyewe muda mfupi uliopita. Nikabonyeza, vidole vikateleza. Nikabonyeza tena, ikalia ka-ka-ka. Machozi yalikuwa yananizuia kuona ninapobonyeza. Alinitazama nikihangaika, hakunisaidia, hakuniharakisha. Niliposhindwa mara ya mwisho alinyoosha mkono akaichukua.

"Vizuri," akasema. "Ikikushinda wewe, mtoto haifungui."

Akaifunga kwenye kitenge, akatoka nayo.